Rejeta ya Ukwaju

Watu wa Mwamambi walikuwa wameacha kumuuliza Luqman habari zake. Walikuwa wakiulizia habari za gari.

"Mgonjwa yuaendeleaje?" muuza kahawa humuuliza akipita asubuhi kwenda kazini.

"Amelala vizuri. Jana amemeza plagi mpya."

"Na homa?"

"Homa ndiyo imekataa kushuka."

Mgonjwa mwenyewe ni Starlet ya zamani, ya milango mitatu, nyeupe kwa mujibu wa karatasi zake. Ukilitazama kwa macho, boneti lilikuwa jeupe, mlango mmoja wa kijani, na huku chini hewa ya bahari ilikuwa imetafuna bati mpaka kuku walikuwa wakilichungulia kwa ndani. Lilikaa kwenye banda la makuti uani, ubavuni mwa dirisha la chumba cha Hafsa. Luqman alilinunua kwa msimamizi mmoja wa hoteli aliyekuwa akihama, akalileta nyumbani likivutwa kwa kamba kama mbuzi asiyetaka kwenda mnadani.

Luqman hakuwa fundi. Alikuwa mtunza stoo ya mashuka katika hoteli moja ya Diani, mtu wa kuhesabu foronya. Ufundi aliusomea kwenye simu, kwa Mhindi mmoja mwenye glavu nyeupe aliyekuwa akieleza kila kitu taratibu kabisa, kwa Kihindi. Luqman haelewi Kihindi. Lakini mkono wa mtu akifungua nati unaeleweka kwa lugha zote, na kwa njia hiyo, Jumapili hii na ile, gari lilishuka kwenye mawe, likavaa magurudumu, likapata feni, likapata gasketi, na siku moja likawaka. Hafsa, aliyekuwa amelala upande wa pili wa dirisha na mtoto mchanga kifuani, aliruka kitandani.

Na hapo kwa Hafsa ndipo penye kisa.

Hafsa ameolewa Msambweni. Mimba ya kwanza alirudi kuzalia kwa mamake, ndiyo desturi, na desturi hiyo hiyo inasema arobaini ikitimia mama na mwana warejeshwe kwao kwa heshima, watu wa kwao wakiwasindikiza. Siku ya akika, ukumbi umejaa, mdomo umejaa pilau, Luqman alijikuta akisema mbele ya wakwe: "Mimi mwenyewe nitamrejesha mwanangu na mjukuu wangu. Kwa gari langu."

Watu waliacha kutafuna. Wote walijua gari lake wakati huo lilikuwa juu ya mawe.

Aliyevunja ukimya ni Mbwana, baba mkwe wa Hafsa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na gari kubwa la rangi ya fedha. Si mtu mbaya Mbwana. Ana tabia tu ya kukusaidia kwa sauti ya juu.

"Inshallah, mkwe," alisema. "Ila likikataa niambie, nitatuma langu. Langu lina eyakondisheni."

*

Arobaini ingetimia Jumamosi. Jumatano, baada ya kazi, Luqman alilitoa gari kulijaribu. Lilikwenda vizuri, kwa adabu, likapita kwenye duka la mkaa, likapita kwa fundi cherehani. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Luqman akauambia mshale, "Tulia, baba." Mshale haukutulia. Mbele ya msikiti, watu wakitoka kuswali alasiri, boneti likafuka moshi mweupe na gari likanyamaza.

Hakulazimika kuomba. Wanaume walivua viatu walivyokuwa ndio kwanza wamevivaa, wakakunja kanzu, wakaanza kusukuma.

"Leo thawabu mara mbili," mmoja alisema. "Tumeswali na tumesukuma."

"Luqman, kanyaga breki kidogo tupate mazoezi."

Hapo simu ikalia. Luqman aliitazama, akatamani iwe ni mtu mwingine yeyote.

"Assalaam aleikum, mkwe," alisema Mbwana. "Uko wapi?"

"Waaleikumu salaam. Niko barabarani. Naendesha."

Nyuma ya gari pakaripuka kicheko kikubwa.

"Nasikia watu."

"Ni abiria."

Mtu mmoja alikaa chini kabisa kwenye mchanga, hawezi kusukuma tena. Mbwana alingoja kicheko kipite.

"Sasa, mkwe, ile Jumamosi. Nitatuma dereva aje na gari asubuhi, akae pale Ukunda kwenye kituo cha mafuta. Likija lako, vizuri. Lisipokuja, asogee tu awachukue. Hakuna atakayejua."

"Usitume, mkwe."

"Akae tu."

"Asikae."

"Basi atakuwa amekuja kutia mafuta," Mbwana alisema kwa upole, na ule upole ndio uliomchoma Luqman kuliko kicheko chote cha nyuma.

*

Mwanapili, mkewe Luqman, alikuwa uani akichambua ukwaju. Alikuwa na biashara yake ya juisi ya ukwaju, akiuza lango la shule na Ijumaa kwenye soko la Ukunda, na watu walikuwa wakimtafuta. Aliliangalia gari likiingizwa bandani na kundi zima la waumini, akawashukuru mmoja mmoja, akawapa maji ya kunywa, akangoja waondoke.

"Baba Hafsa," alisema. "Kubali gari la Mbwana."

Luqman alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akapangusa mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono.

"Harusini," alisema, "mwanangu alipanda gari la Mbwana. Mamake alipanda gari la Mbwana. Mimi nilikwenda nyuma ya pikapu nimekumbatia sufuria za biriani."

Mwanapili aliendelea kuchambua.

"Na ulizikumbatia vizuri," alisema. "Haikumwagika hata moja."

Luqman hakutaka kucheka, akacheka. Kutoka dirishani sauti ya Hafsa ikasema, "Baba, mimi hata tuktuk napanda."

"Wewe nyamaza, unanyonyesha."

Mwanapili alikusanya makokwa ya ukwaju kwenye ungo. "Una mpaka kesho kutwa magharibi," alisema. "Ijumaa magharibi nampigia Mbwana mimi mwenyewe. Mtoto hatoki nyumbani kwetu mara ya kwanza akaenda kusukumwa."

*

Alhamisi Luqman aliomba ruhusa kazini, akasema ana mgonjwa. Hakuulizwa mgonjwa gani, walimjua.

Jirani yake Kilonzo alikuja na stuli yake mwenyewe. Huyu ni Mkamba aliyehamia Mwamambi miaka mingi, aliendesha malori ya masafa marefu mpaka mgongo ukamstaafisha. Tangu siku ya kwanza alikuwa amejizuia kuligusa lile gari kwa heshima, kama mtu asiyetaka kuingilia ndoa ya watu.

"Sasa leo boss, ukinipatia ruhusa, nitaangalia tu mahali pamoja," alisema. "Gasketi umebadilisha?"

"Nimebadilisha."

"Feni inapiga?"

"Inapiga mpaka inapeperusha kofia."

"Haya, tuone rejeta."

Alifungua kifuniko, akawasha tochi ya simu, akachungulia. Akainua kichwa, akamtazama Luqman, akachungulia tena. Akaingiza kidole, akakitoa kimeshika unga mweupe mgumu kama chokaa. Akauonja.

"Baba Hafsa. Hii rejeta unaitilia maji gani?"

"Maji tu. Yule Mhindi ana dawa ya rangi ya waridi kwenye chupa, lakini nimeulizia bei pale Ukunda nikaona gari halitajua tofauti."

"Maji ya wapi?"

"Ya kisimani."

"Kisima gani?"

"Hiki hapa. Kwani kuna kingine?"

Mtu yeyote wa Mwamambi angelielewa papo hapo. Kila nyumba hapo ina maji mawili. Ya kisimani yana chumvi. Hayo ni ya kuoga, kufua, kuosha vyombo kwa mara ya kwanza, na sabuni huwa haitoi povu ila kwa kubembelezwa. Ya mvua huvunwa kwenye bati yakaingia tangini. Hayo ni ya kunywa, ya chai na ya kupikia. Tangi la nyumba hii lilikuwa na kufuli, na ufunguo wa kufuli ulifungwa kwenye pindo la leso ya Mwanapili, kwa sababu juisi haitengenezwi kwa maji ya chumvi. Hakuna mtu anayechanganya maji hayo. Mtoto wa kuanza kutembea anajua. Luqman alikuwa ameliweka gari kwenye upande wa kufuliwa, kwa nia njema kabisa, wiki zote hizo, ndoo baada ya ndoo.

Mwanapili alikuja na mwiko mkononi, akainama, akachungulia kwenye rejeta.

"Hii," alisema, "ni ile birika yangu ya zamani. Ile uliyokuwa ukichemshia maji ya kuoga."

"Wewe ndiye ulinikataza kugusa tangi," Luqman alisema. "Ulisema tangi ni la vitu vinavyokunywa. Mimi sikujua kwamba gari lanywa."

"Lina mdomo, Baba Hafsa. Waufungua kila siku kwa mkono wako mwenyewe, na kifuniko unacho, hukuona kwamba ni mdomo?"

Kisha mwiko ukamponyoka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya banda, akacheka mpaka Hafsa akauliza kuna nini, na alipojaribu kumweleza akashindwa, akaashiria tu kisima, tangi na gari. Kilonzo alikuwa amegeuka upande wa ukuta, mabega yanatikisika. Luqman alikaa kwenye stuli ya Kilonzo. Mume mtiifu hivyo, na utiifu ndio uliochemsha gari. Alipoona hakuna atakayemhurumia, akacheka na yeye.

"Rejeta mpya ni pesa ngapi?" Mwanapili aliuliza hatimaye, akijifuta macho.

Kilonzo alitaja bei. Kicheko kikaisha.

Kuku waliendelea kuparua chini ya gari. Mwanapili aliitazama ile rejeta, akalitazama na dirisha la Hafsa, ambapo vinguo vidogo vya mtoto vilikuwa vimeanikwa kwenye nondo. Kisha akauliza kama mtu anayejiuliza mwenyewe:

"Birika ile niliisafisha kwa kitu gani?"

Luqman alimtazama. "Kwa ukwaju."

"Si kwa ukwaju?"

"Mama Hafsa," Luqman alisema, "huo ni wa soko la kesho."

"Nani amekuuliza soko?" Alikuwa tayari amelishika gunia kwa masikio.

*

Waliuchemsha ukwaju kwenye sufuria kubwa, ile ya shughuli. Waliuchuja mara mbili kwa leso kuukuu, kwa sababu Kilonzo alisema uzi mmoja tu ukiingia basi wamehamisha ugonjwa kutoka kifuani kwenda tumboni. Waliutia ungali vuguvugu, wakawasha gari, likanguruma bandani na ule uchachu mdomoni. Walipofungua chini, kilichotoka kilikuwa tope la kahawia lenye chenga nyeupe, na harufu ya kitu ambacho hakijawahi kuwako duniani, nusu juisi nusu karakana. Wakatia tena, wakafungua. Mara ya mwisho ukatoka ukwaju ulio ukwaju, na Luqman akaukinga kwenye kikombe na kuuinua kwenye mwanga.

"Usithubutu kunywa," Mwanapili alisema.

"Naangalia tu."

"Nakujua."

Ndipo Kilonzo, aliyekuwa amelala chali chini ya gari, akasema neno la Kikamba lisilokuwa la furaha. Tone lilikuwa likidondoka. Likafuatwa na jingine.

"Ile chumvi ndiyo ilikuwa imeziba tundu," alisema. "Tumemuosha mpaka kidonda."

Luqman aliegemea boneti. Angekubali tu sasa. Angemwambia Mbwana asante. Angekaa mbele karibu na dereva wa watu, kwenye baridi la eyakondisheni, mikono juu ya magoti kama mgeni.

Kilonzo alitoka chini ya gari akijivuta. "Ni tundu dogo. Mama Hafsa, uko na pilipili manga?"

"Ya nini?"

"Ya unga. Nilitobokewa Samburu, ile ya barabara ya Mombasa, wakati mmoja, duka la spea hakuna, kuna hoteli tu ya chakula. Mpishi akanipatia kikombe cha pilipili manga. Ile unga inatafuta tundu yenyewe, inaingia, inavimba. Nilifika Mariakani na mzigo wote. Lori ilikuwa inanukia mpaka polisi wa kizuizini ananiuliza nimebeba nini."

Mwanapili alikwenda jikoni bila kuuliza swali jingine. Dirishani Hafsa alikuwa amejitanda leso, ametoa uso nje kabisa.

"Baba, mwatengeneza gari au mwapika mchuzi?"

"Bado nazi," Luqman alisema.

Pilipili ikaingia. Mwanapili akafungua pindo la leso, akatoa ufunguo, akafungua kufuli la tangi mwenyewe, akateka maji ya mvua kwa jagi, mwendo wa mtu anayebeba kitu cha kumpa mgeni wa heshima. Aliyamimina kwenye rejeta polepole mpaka ikajaa.

"Kunywa, mwanangu," aliliambia gari.

Walisubiri chini ya banda wakitazama ardhi. Tone lilidondoka, kisha likachelewa, kisha halikuja.

Ijumaa kabla ya magharibi Luqman aliliendesha mpaka barabara kuu na kurudi, na kwenda tena na kurudi tena. Mshale ulipanda hadi katikati ukakaa hapo kama mtu aliyepata kiti. Mbele ya msikiti alipunguza mwendo kwa makusudi. Wanaume walikuwa wameanza kuvua viatu.

"Leo hakuna thawabu," aliwaambia kupitia dirishani, akapita.

Nyumbani alimkuta Mwanapili ameshika simu sikioni.

"Usitume gari, mkwe," alikuwa akisema. "Hapana, hata la kutia mafuta. Yuaja naye mwenyewe babake." Akakata, akaendelea kukunja nguo za mtoto, na Luqman akabaki mlangoni na ufunguo mkononi, akiwa hajui aende wapi na furaha yote ile.

*

Jumamosi mtaa ulitoka nje. Everlyn, mkewe Kilonzo, alileta kanga mpya ya kumfunika mtoto. Wanawake wakapiga vigelegele, na muuza kahawa akamwaga maji mbele ya gurudumu kwa baraka, ya kisimani, Luqman akahakikisha. Hafsa aliingia nyuma na mamake, ananukia udi, wanja machoni, mtoto Twaiba mikononi. Kilonzo alikaa mbele bila kualikwa, na jerikeni la maji ya mvua katikati ya magoti.

"Mimi ni daktari tu," alisema. "Nasindikiza mgonjwa."

Walikwenda. Pikipiki ziliwapita. Tuktuk moja iliyobeba magodoro iliwapita, na dereva wake akawapungia mkono kwa huruma. Luqman hakujali. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, macho yanakwenda barabarani na kwenye mshale, barabarani na kwenye mshale, mpaka Mwanapili akamwambia achague. Kila walipopanda kilima, harufu ya pilipili manga ilipenya ndani ya gari, na Kilonzo akasema anajihisi njaa. Gazi walisimama, wakafungua boneti, wakatazama, wakafunga. Hapakuwa na la kufanya. Mtu asiyezoea kukosa la kufanya hukaa kidogo. Luqman alikaa kidogo, akapiga boneti kofi moja la upendo.

"Baba, twende," Hafsa alisema kwa sauti ya chini. "Injini ikilia ndiyo analala. Tangu azaliwe hajalala hivi."

Msambweni walipokelewa kwa vigelegele na dufu. Mbwana alitoka na kanzu iliyopigwa pasi ikasimama, akalizunguka gari taratibu, akatazama boneti jeupe na mlango wa kijani. Akavuta hewa puani.

"Mkwe, mmekuja na pilau?"

"Tumekuja na wanetu," Luqman alisema.

Mbwana alimtazama, kisha akamshika mkono, akaushika muda mrefu kuliko kawaida. "Karibu, mkwe. Karibu sana."

Luqman akazima gari.

Twaiba akafumbua macho, akafumbua mdomo, na sherehe nzima ikasimama. Alilia kilio cha mtu aliyedhulumiwa. Hafsa alimnyonyesha, akakataa. Nyanya wa huku alimbeba, nyanya wa kule alimbeba, shangazi mmoja alimwimbia, na kila mmoja alizidi kumkasirisha. Dufu likanyamaza kwa aibu. Mbwana akaona zamu yake imefika.

"Ni joto," alisema. "Mleteni kwenye gari langu." Akawasha eyakondisheni, akakaa nyuma ya usukani wake mkubwa na mjukuu mikononi. Ndani ya gari lile kulikuwa na baridi na ukimya wa hospitali, na kilio cha Twaiba kilisikika mpaka barabarani.

"Baba," Hafsa alisema, "liwashe."

Luqman aliwasha. Starlet ikakohoa, ikatetemeka mwili mzima, ikaanza kunguruma kwa sauti yake nene. Mbwana alimleta mtoto mbio, kanzu imekunjana. Alipoinama tu kwenye mlango wa kijani, Twaiba alinyamaza, akasikiliza, akapiga mwayo.

"Usizime," Mbwana alinong'ona. Akaketi mahali alipokuwa Kilonzo, akafunga mlango kwa uangalifu kama mwizi. "Twende."

"Wapi, mkwe? Chakula kimeandaliwa."

"Popote."

Wakapita sokoni, wakapita hospitalini, wakazunguka kwa barabara ya chini na kupandisha tena. Watu waliomjua Mbwana walisimama kumwamkia, yeye akawajibu kwa kidole mdomoni. Jasho lilikuwa limeanza kumtiririka kutoka kwenye kofia.

"Mkwe, kuna joto."

"Dirisha la huko halishuki."

"Basi," alisema Mbwana. Alimfunika mtoto mguu uliokuwa umetokeza. "Tuwe nalo."

Walipolikaribia lango, Kilonzo alikuwa amesimama njiani na sahani mbili za pilau, anawapungia waingie. Luqman akaanza kupunguza mwendo. Twaiba akakunja uso.

"Mkwe," Mbwana alisema, bila kutoa macho kwa mtoto, "pita."

Luqman akampigia Kilonzo honi ndogo, akapita.